Kondoo wa Yassine

Kabambare, 14 Oktoba 2023

Mdogo wangu Bulaimu,

Salamu kwako, kwa mkeo Francine na kwa mama. Huku tuko, tunapumua. Mvua imeanza kwa fujo na njia imekuwa matope matupu, kwa hiyo sijui Kadogo motari na moto yake, hiyo pikipiki, watakufikishia karatasi hii lini. Rezo ya simu hakuna tena huku kijijini tangu wezi wabebe betri za mnara, basi tumerudi kwenye kalamu kama wakati wa baba. Binti yangu Mwavita amekua, sasa ananipita kimo na maneno. Mke mwenzangu Albertine, Mama Plamedi, mzima. Miguu ya mama inaendeleaje? Mwambie apake mawese ya moto na asikae kwenye baridi ya asubuhi.

Sasa neno lenyewe. Wewe unauza dawa za mifugo hapo depo, na mimi sina mtu mwingine wa kuuliza. Wanakondoo wanaisha. Wanazaliwa vizuri, wananyonya vizuri, wananenepa hata unafurahi. Kiisha, wakianza kuruka na kukimbia, miguu ya nyuma inakuwa migumu, mgongo unainama, wanatembea kama wazee waliotoka kuchimba kaburi. Mwingine anakimbia kidogo tu, anaanguka, amekufa. Mama zao hawana neno, wanakula majani na kuniangalia. Juzi nilimpasua mmoja nione ana nini ndani. Nyama ya paja ilikuwa nyeupe, Bulaimu, nyeupe kama ya kuku aliyechemshwa. Nilimfukia, nikakaa chini nikalia, si uongo.

Unajua hali yangu. Yassine alipokwenda karyeri, machimboni, kutafuta dhahabu alisema kondoo wasigawanywe mpaka arudi. Zizi ni moja, wake zake tuko wawili, na huu ni mwaka wa pili. Kondoo hawa ndio wanaotuvisha, ndio wanaomweka Mwavita shuleni. Wakiisha, mimi nabaki hapa kwa nani, na kwa kazi gani? Niletee dawa.

Na watu wa karyeri wanapita wengi hapo Kasongo. Ukisikia lolote la Yassine, niambie.

Ni mimi yaya yako, dada yako mkubwa,
Aziza


Kasongo, 9 Novemba 2023

Yaya Aziza,

Salaam aleykum. Karatasi yako ilifika imelowa, Francine akaianika juu ya ungo kama mihogo, ndipo tukaisoma. Mama anakusalimu sana. Mawese alipaka, kiisha akalalamika kutwa nzima kwamba ananuka kama sufuria. Miguu ni ileile. Siku akiamka nayo vizuri anafika mpaka mlango wa msikiti, siku nyingine anafika mlangoni kwake tu. Mimi nashukuru, kazi iko, ingawa depo inauza zaidi dawa ya kuku kuliko kitu kingine.

Pole, yaya. Pole kweli. Nilimpelekea swali lako Daktari Octave, veterineri wetu. Aliposikia habari ya nyama nyeupe akaweka kijiko chini. Anasema si minyoo na si kitu cha kutupiwa na mtu. Anasema iko madini inaitwa seleniamu, kidogo sana, hata huioni kwa macho, ambayo mwili unaihitaji ili nyama ya miguu na ya moyo ifanye kazi. Anadhani udongo wa upande wenu umeikosa. Udongo ukikosa, majani yamekosa. Jike akila majani hayo anajikaza mwenyewe, lakini maziwa yake hayana cha kumpa mwana, na mwana anakua haraka kuliko nyama yake inavyoweza kubeba. Siku anapokimbia, moyo unashindwa.

Dawa iko, ya kunywesha mdomoni, lakini depo hatuna. Lazima itoke Bukavu. Nimeagiza. Kwa sasa usiwaache wakimbizwe, si na mbwa, si na watoto. Wakae karibu na mama zao.

Octave anauliza pia: nani anawashika hao kondoo? Anasema dawa hiyo haitaki fujo. Niambie wewe na Mama Plamedi mnafanyaje kazi.

Jioni inaingia na stima imekatika, naacha hapa.

Bulaimu


Kabambare, 3 Desemba 2023

Bulaimu,

Tunakusalimu wote. Barua yako nimeipata jana tu. Motari wote wamekodiwa na wagombea, wanapita wamejifunga bendera na kupiga honi, hakuna anayebeba barua ya mtu. Kadogo mwenyewe alinipita hivihivi na kofia mpya kichwani. Nilimwita, akanipungia mkono kama mheshimiwa.

Nimefurahi kwamba si kitu cha kutupiwa. Huku maneno yalikwisha kuanza. Wanakondoo wengine wawili wameondoka. Shehe amenikumbusha kwamba anayechechemea wazi hafai kuchinjwa Idi, kana kwamba mimi nilikuwa sijui. Watu waliozoea kuchukua kondoo wetu wa Idi wameanza kumtazama huyu mwenye mbuzi hapo chini. Ndiyo maana nakuambia haraka, na wewe unaniambia Bukavu.

Unauliza kazi tunaifanyaje. Albertine anawatoa asubuhi, mimi nawarudisha jioni. Kazi inafanyika. Unataka kujua nini zaidi?

Juu ya Yassine hukuandika kitu. Labda maji yalifuta mahali pale kwenye barua yangu, basi nauliza tena.

Mpe mama mkono wangu. Mimi miguu yangu ni mizima bado, ila sina pa kwenda nayo.

Aziza


Kasongo, 11 Januari 2024

Yaya mpendwa,

Heri ya mwaka mpya, japo umefika na mvua yake. Mama anaumwa kifua kidogo, usiwe na wasiwasi, anakula. Francine amejifungua mtoto wa kike salama, tumempa jina lako. Sasa tuna Aziza mwingine ndani, na huyu naye analia akitaka kitu saa hiyohiyo.

Dawa imefika! Nampa Kadogo kwa mkono wangu. Sikia vizuri, maana hii si chumvi. Kila mwanakondoo ananyweshwa mara moja tu, kwa bomba la sindano lisilo na ncha, pembeni ya ulimi, mpaka alama niliyochora kwa kalamu nyekundu. Kiisha unamwacha mwezi mzima. Octave amenirudia maneno haya mpaka nikachoka: ikipungua inaua polepole, ikizidi inaua haraka. Usirudie hata ukimwona bado anachechemea. Mpe muda.

Flakoni moja, hiyo chupa ndogo, ingetosha wanakondoo wote, lakini nimetuma mbili, moja yako na moja ya Mama Plamedi. Unajua kwetu. Kitu kikiingia nyumba moja ya mwanaume na nyumba ya pili ikakosa, kesho utasikia Bulaimu ametuma kwa dada yake tu. Hata baba akileta samaki alikuwa anawapima kwa macho mpaka wanapoa. Kwa hiyo Kadogo atampa kila mmoja ya kwake mkononi, asilalamike mtu. Gawaneni wanakondoo nusu kwa nusu, kila mmoja anyweshe wake. Barua ni hii moja, kwa hiyo mweleze na yeye.

Mambo ya Yassine tutayasema siku tukionana.

Nakuombea nguvu,
Bulaimu


Kabambare, 20 Februari 2024

Bulaimu,

Mtoto awe na afya. Mwambie Francine nimefurahi. Furaha yangu inaishia hapo.

Wanakondoo wamekufa. Sisemi mmoja wala wawili. Wamebaki wanne, na wa nne simhesabii sana.

Nilifanya kama ulivyoandika. Nilingoja mvua itulie, nikawakamata jioni mmoja mmoja, Mwavita anashika kichwa mimi nanywesha, mpaka alama nyekundu, mara moja, wote, maana Albertine sikumwona akimnywesha hata mmoja dawa ya kwake. Tena siku hizo walikuwa wameanza kusimama vizuri, hata nikasema moyoni Mungu ametuona kabla ya dawa. Kesho yake asubuhi mate yanawatoka, wanasaga meno, vichwa chini, wanapumua kama waliopandishwa mlima. Na pumzi yao ilinuka kitunguu saumu. Nani aliwapa kitunguu saumu? Jioni tukaanza kufukia. Mwavita amekataa kwenda shule tangu siku hiyo, anasema mikono yake ndiyo iliyowashika.

Sasa nakuambia ninachojua. Albertine alikuwa anawanywesha maji ya chumvi kila asubuhi kabla ya kuwatoa, mbele ya macho yangu, na alikuwa anatia kitu humo. Aliona kwamba dawa imetoka kwa ndugu yangu, sifa itakuwa yangu, akaona bora tukose sote. Kijiji kinaniambia niende kwa chifu. Nitakwenda. Ila niandikie kwanza: dawa yako ilikuwa nzima? Kama ilikuwa nzima, basi mkosaji ninaye hapa uwanjani, anapepeta mchele.

Sina la kuongeza.

Aziza


Kasongo, 2 Aprili 2024

Yaya Aziza,

Nakuandikia nikiwa na saumu na kichwa kinauma. Barua yako ilichelewa kwa sababu mto Luama ulijaa na Kadogo alilala ng'ambo siku nyingi. Mama kifua kimepoa. Mtoto anaanza kucheka.

Usiende kwa chifu. Nakuomba kwa jina la baba, na kama umekwisha kwenda, rudi ukaseme umekosea.

Dawa ilikuwa nzima. Nilimwonyesha Octave barua yako. Mate, kusaga meno, kitunguu saumu: anasema ndivyo seleniamu inavyofanya ikizidi, hata pumzi inanuka hivyo. Wewe uliandika umewanywesha wote. Neno hilo lilinipiga. Nilikuwa nimesema nusu. Basi nikamkamata Kadogo sokoni nikamuuliza alimpaje Mama Plamedi ile ya kwake. Akasema, "Nilimupa mu mukono. Akaniuliza, iko dawa ya nini? Nikamuambia, iko ya kondoo, ya miguu." Basi. Hakuna aliyemwambia mara moja. Hakuna aliyemwambia alama nyekundu. Mwenzako alitia kidogo kidogo katika maji ya chumvi kila asubuhi, kwa moyo mweupe, ndiyo maana uliona wanasimama. Kiisha ukaja wewe jioni ukamwaga juu yake.

Kadogo ndiye aliyenieleza pia kwamba wewe na Albertine hamsemeshani, na kwamba wanajua mpaka wauza maandazi. Yaya! Nilikuuliza kazi mnaifanyaje ukanijibu kazi inafanyika. Ningejua, nisingetuma hata tone. Na mimi, kwa kuogopa maneno ya watu, nikagawa sumu sawa kwa sawa nikajiona mtu wa haki. Flakoni moja ingetosha. Sijui nikuombeje msamaha.

Kwa kuwa leo nasema, niseme yote. Yassine nilimwona. Ni kabla hujaandika barua ya kwanza. Alikuwa hapa sokoni Kasongo ananunua godoro, yeye na mwanamke mwenye mimba kubwa. Hakunificha. Alisema ana nyumba yake huko karyeri, harudi, na kondoo mfanye mnavyotaka. Aliniambia nikufikishie. Sikufikisha. Kila ukiuliza nilikuwa naweka kalamu chini. Nikikuambia, ingenibidi kukuambia vilevile, rudi nyumbani, dada. Na nyumba yenyewe ni vyumba viwili, mama kimoja, sisi na watoto kingine. Niliogopa ungekuja. Ndiyo hivyo.

Ungejua mapema, mngekuwa mmekwisha kugawana zizi, kila mmoja na kondoo wake na dawa yake, na hawa wote wangekuwa hai. Nafikiri habari hiyo nikiwa dukani mpaka wateja wananiita mara mbili.

Rudi, yaya. Tutabanana. Mama ameanza kusogeza vitu vyake, ameviweka ukutani, anauliza kila siku utafika lini.

Bulaimu


Kabambare, 12 Mei 2024

Bulaimu,

Wasalimu wote. Idi ilipita, tulikula, Mwavita amerudi shuleni.

Siku niliposoma barua yako nilikasirika nikasema sitakujibu tena maisha. Kesho yake nikakasirika tena. Siku ya tatu nilikuwa nimechoka hata kukasirika, na kazi ilikuwa inaningoja. Kwa hiyo sikuiti mwongo. Ulikuwa mwoga, na mimi nilikuwa na kiburi, tumetoka tumbo moja. Hayo tuyaache.

Kwa chifu sikwenda. Nilikwenda jikoni kwa Albertine. Nilisimama mlangoni na barua, sikukaribishwa, nikaanza kusoma hivyohivyo kwa sauti. Nilisoma ya dawa. Nilisoma ya godoro na mimba. Alikuwa anasonga ugali, hakuacha mpaka ukaiva. Akasema, "Mimi nilikuwa nawaza Yassine anakutumiaka wewe habari. Kila Kadogo akikuletea karatasi nilisema, ona, anamuandikia yeye, mimi ananisahau." Unaona? Nami miaka hii yote nilikuwa najua kwamba yeye ndiye anayejua. Ile siku Yassine alipoondoka alilala kwake, na chakula cha njia akachukua kwangu. Mimi nilisema amemuaga yeye. Yeye alisema ameniaga mimi. Hakuna aliyeagwa. Kwa jambo hilo tulinyamaziana mpaka wanakondoo wakafa.

Aliuliza, "Ni mimi niliwaua?" Nikamwambia ni sisi wote, na Bulaimu. Akalia. Nilitaka kumshika mkono, sikuweza, nikarudi kwangu.

Jumatatu tuligawana. Hakuna tena wa kungojewa. Tulitoa wake, tukatoa wangu, hatukubishana hata juu ya dume. Albertine akasema anarudi kwao Kabambare mjini, kaka yake atampa kibanda. Nikasema sawa. Mimi nikawaza chumba cha mama hapo Kasongo, jinsi mama anavyokohoa, na mtoto wenu anavyolia. Kwa sehemu yangu peke yangu siwezi kuishi hapa, Bulaimu. Nani atatoa asubuhi na nani atarudisha jioni? Mtu mmoja anachunga, anakata majani, analima, analala lini? Na wale waliobaki ni wachache mno, mwizi akija mara moja kwisha.

Asubuhi akafunga mizigo, mwanawe Plamedi akabeba sufuria, akawaswaga kondoo wake mpaka barabarani. Nikatoka kumsindikiza, si vizuri mtu aondoke kwa mwenzake bila hatua mbili. Tulipofika pale njia inapopinda, kondoo wake wakasimama. Hawakuona wenzao. Wakageuka wote, wakatupita miguuni, wakarudi zizini mbio. Tukawafuata, tukawatoa tena, wakarudi tena. Mara ya tatu na wangu wakatoka kuwapokea, wakachanganyika, ikawa hujui huyu wa nani. Plamedi amemwaga sufuria. Watu wamejaa vibarazani, wanacheka kama kampeni imerudi. Mwavita anapiga kelele wasikimbizwe, wasikimbizwe, moyo wao utashindwa!

Albertine akakaa chini palepale barabarani, kwenye vumbi, na kitenge chake kizuri cha safari. Akasema, "Mama Mwavita, mimi nimechoka."

Nilikuwa na fimbo mkononi. Niliitupa, nikakaa karibu naye.

"Kaa, Mama Plamedi," nilimwambia. "Usiende. Peke yangu siwezi."

Alivua viatu vya safari, akanipa nimshikie, akainuka miguu mitupu kwenda kufunga zizi.

Mwambie mama arudishe vitu vyake mahali pake.

Aziza